Moyo unapozeeka: Kile ambacho panya wa maabara wanawaeleza madaktari

UCHAMBUZI
Na Mwandishi Wetu

WAZEE wengi huamka mara mbili, tatu au zaidi usiku kwenda haja ndogo. Nyumbani husemwa ni kisukari, na kwa wanaume husemwa ni tezi dume. Mara nyingi ni kweli. Lakini ipo sababu nyingine ambayo husahaulika, nayo hutokea mahali ambapo wachache hupafikiria: kwenye moyo.

Licha ya kazi yake ya kusukuma damu, moyo ni kiwanda cha homoni. Jambo hilo lilidhihirishwa mwaka 1981 na Adolfo de Bold, mzaliwa wa Argentina aliyekuwa akifanya utafiti mjini Kingston, Kanada. Yeye na wenzake walisaga vyumba vya juu vya mioyo ya panya, wakachukua majimaji yake na kuwadunga panya wengine. Chumvi iliyotoka katika mkojo wa panya hao iliongezeka zaidi ya mara 30, na mkojo wenyewe ukaongezeka mara 10.

Homoni hiyo hujulikana kwa kifupi kama ANP. Damu inapojaa na kuzitanua kuta za vyumba vya juu, ANP humwagwa katika mzunguko wa damu. Ikifika kwenye figo, huamuru chumvi na maji vitolewe, na mishipa ya damu hulegea. Mwaka 1988 watafiti wa Japani waligundua ndugu yake, BNP, katika ubongo wa nguruwe. Jina la ubongo likabaki, ingawa baadaye ilibainika kwamba moyo ndio unaoitengeneza kwa wingi.

Sasa tuje kwenye umri. Panya wa maabara huishi miaka miwili hadi mitatu, hivyo mwenye miezi 24 ni mzee kamili. Damu yake ikipimwa, kwa kawaida hukutwa na ANP nyingi kuliko ya panya kijana. Msomaji mwepesi angesema basi mzee ana kinga bora dhidi ya chumvi na shinikizo la damu. Sivyo. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba figo za panya mzee huitikia kwa uvivu homoni ileile. Ni sawa na mwenye nyumba anayepaza sauti kwa sababu mlinzi wake hasikii vizuri.

La kushangaza zaidi liko kwenye vyumba vya chini. Kijusi kikiwa tumboni, vyumba hivyo hutengeneza ANP, kisha baada ya kuzaliwa kazi hiyo karibu hukoma. Moyo unapozeeka, au unapolemewa na shinikizo la damu, huirudia tena kazi hiyo ya utotoni. Kuta zimekakamaa, nyuzi ngumu zimeongezeka kati ya misuli, na kila pigo linahitaji nguvu zaidi.

Kwa binadamu mwelekeo ni huohuo. Homoni hizi hupanda kadiri miaka inavyosonga, na figo zilizochoka huchelewa kuziondoa. Mzee anapolala, maji yaliyokuwa yamekusanyika miguuni hurudi kifuani, moyo hutanuka, ANP humwagwa, naye huamka kutafuta choo.

Kwa nini haya yamhusu msomaji wa gazeti? Kwa sababu homoni hizi ni kipimo cha hospitali. Marekani iliidhinisha kipimo cha BNP mwaka 2000, na kipande kingine cha homoni hiyo, NT-proBNP, nacho hupimwa katika nchi nyingi ili kujua kama mgonjwa anayehema kwa shida ameshindwa moyo. Viwango vya NT-proBNP vinavyotumika kwa mgonjwa wa dharura hufuata umri: zaidi ya pikogramu 450 kwa mililita kwa aliye chini ya miaka 50, 900 kwa wa miaka 50 hadi 75, na 1,800 kwa aliyevuka hapo. Chini ya 300, ugonjwa huo hauelekei kuwapo katika umri wowote.

Hivyo namba 1,000 kwa mtu wa miaka 40 ni kengele ya hatari. Kwa bibi wa miaka 80, namba hiyohiyo yaweza kuwa uzee tu, au ugonjwa unaoanza. Karatasi ya majibu yenye kiwango kimoja kwa watu wote yaweza kumtia bibi kwenye dawa asizozihitaji.

Kwetu Afrika hatari iko pia upande wa pili. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012 na kuhusisha wagonjwa 1,006 katika nchi tisa, zikiwamo Kenya na Uganda, ulikuta wastani wa umri wa waliolazwa kwa kushindwa kwa moyo ni miaka 52 tu, na chanzo kikuu kikiwa shinikizo la damu. Wengi wao ni watu wa makamo, ambao daktari akitumia kiwango cha mzee wa Ulaya atawarudisha nyumbani wakiwa wagonjwa.

Maabara nazo zina lawama. Majaribio mengi ya dawa za moyo hufanywa kwa panya vijana wenye afya, maana kumlisha panya miaka miwili kabla ya kuanza kazi ni gharama. Dawa hiyo ikishapita, anayeandikiwa mara nyingi ni mtu mwenye moyo na figo za panya yule mzee ambaye hakujaribiwa.