Mita Isitangulie Maji

Mhariri,

Mimi ni fundi wa mabomba hapa Amagoro, na kazi hunipeleka Malaba, Kocholia na Busia mjini. Naomba nafasi katika gazeti lako nilalamikie jambo ambalo bado linaweza kurekebishwa, kwa sababu likishatiwa saini tutakuwa tumechelewa.

Kampuni za maji katika miji kadhaa ya Kenya zimeanza kufunga mita za kidijitali, na huku kwetu mpakani mazungumzo hayo yamefika. Tunaelezwa kwamba serikali haina fedha za kutosha, kwa hiyo aje mwekezaji, alete mita, azifunge, halafu arudishiwe fedha zake kidogo kidogo kutoka kwenye malipo yetu. Ndio ubia wa serikali na sekta binafsi unaosifiwa kila mahali. Sipingi mita. Mita nzuri ni haki ya mteja sawa na mizani sahihi dukani. Ninachopinga ni mpango wowote wa kutufungia mita kabla ya kutuhakikishia maji, kwa mkataba ambao sisi walipaji hatutauona.

Nianze na ninalolijua kwa mikono yangu. Maji yakikatika siku mbili tatu, bomba hubaki na hewa. Yakirudi huisukuma hewa hiyo mbele yake, nayo hutokea kwenye mifereji ya wateja. Kila mkazi wa hapa ameusikia ule mvumo, mfereji ukikohoa na kurusha matone kabla maji hayajatulia. Sasa, mita ya kawaida ina kigurudumu ndani. Kigurudumu hicho hakitofautishi maji na hewa. Hewa ikipita kwa kasi, kinazunguka na namba zinasonga, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba analipia upepo. Mahali ambapo maji hutoka saa 24 tatizo hili ni dogo mno. Mahali yanapotoka kwa zamu ni jambo la kila wiki.

Wanaotusifia mita mpya husema hazikosei. Inategemea ni mita gani. Nyingi ni ile ile ya kigurudumu, imeongezewa kifaa cha redio au laini ya simu kinachotuma hesabu ofisini. Kosa lililokuwamo zamani limo bado, ila sasa linasafiri haraka zaidi. Aina nyingine hupima kwa mawimbi ya sauti yanayopita ndani ya maji. Haina kitu cha kuzunguka, na bomba lisipojaa maji, mita nzuri ya aina hiyo hulitambua hilo na kuacha kuhesabu. Hiyo ni ghali zaidi. Mwekezaji anayelipwa kwa idadi ya mita alizofunga ana sababu gani ya kutuletea iliyo ghali, kama mkataba haumlazimishi? Zote mbili zina betri iliyofungiwa ndani. Watengenezaji huahidi kwamba itadumu miaka 10 au zaidi. Ikifa, mara nyingi ni mita nzima inayobadilishwa, na gharama hiyo itamwangukia mtu fulani. Tunataka kujua mapema ni nani.

Kuna suala la kulipa kabla ya kutumia. Umeme wa tokeni tumeuzoea, na tumezoea pia kungoja tokeni isiyokuja kwa sababu mtandao umelala. Giza mtu hulivumilia hadi asubuhi. Nyumba yenye mtoto anayehara haiwezi kungoja maji, na jirani wa kuazima maji naye yuko kwenye mtandao huo huo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haki hiyo haiwezi kuning'inia kwenye valvu inayojifunga yenyewe saa sita za usiku.

Watakaoumia kwanza ni wakazi wa ploti. Mtu akijenga vyumba 10 vya kupangisha Malaba, mara nyingi huunganishiwa mita moja. Bei za maji nchini hupanda kwa ngazi: uniti chache za mwanzo ni nafuu ili maskini asikose, na kadiri unavyotumia zaidi ndivyo kila uniti inavyopanda bei. Pasipo na bei maalumu kwa nyumba za kupanga, familia 10 kwenye mita moja zinahesabiwa kama mtumiaji mmoja mkubwa. Zile uniti nafuu zinaisha siku za mwanzo za mwezi, na mama anayefua nguo za watu anaishia kulipia maji bei ya juu kuliko mwenye nyumba ya fahari aliye na mita yake. Ikiwekwa mita ya kulipia kabla juu ya mpangilio huo, mmoja akichelewa kuchanga, wote 10 wanafungiwa.

Jambo hili, la watu wengi kubanwa kwenye mita moja ya kulipia kabla, limewahi kutokea. Huko Phiri, Soweto, jiji la Johannesburg lilifunga mita za kulipia kabla, kila kiwanja kikapewa lita 6,000 za bure kwa mwezi. Lindiwe Mazibuko, mmoja wa wakazi walioshtaki, aliishi kwenye kiwanja cha watu 20. Ukigawa, kila mmoja anapata lita 10 kwa siku, nusu ya mtungi wa lita 20, za kunywa, kupika, kuoga na choo. Walishinda mahakama za chini, lakini mwezi wa Oktoba 2009 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba jiji halikuvunja sheria. Ninachokiona hapo ni kwamba mita ikishafungwa, mahakama inaweza isikuokoe. Masuala ya ploti yamalizwe mezani kabla fundi hajachimba mtaro.

Nije kwenye hasara, kwa sababu ndiyo inayotajwa kama sababu kuu ya mita hizi. Kampuni za maji za Kenya kwa ujumla hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya maji zinayoyasafisha. WASREB, msimamizi wa huduma za maji nchini, huhesabu hasara inayozidi asilimia 25 kuwa haikubaliki. Lakini mita ya mlangoni kwangu huona maji yaliyonifikia tu. Bomba kuu lililopasuka chini ya barabara inayokanyagwa na malori ya Malaba usiku na mchana halionekani kwenye mita yangu. Wala muunganisho wa wizi uliochomekwa kabla ya kunifikia hauonekani. Ili kujua yanapopotelea, zinahitajika mita kubwa za kila mtaa, ilinganishwe hesabu ya yaliyoingia mtaani na ya yaliyofika majumbani. Kazi hiyo haina sherehe ya uzinduzi, lakini ndiyo inayorudisha maji.

Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, ulitoka vitani ukipoteza asilimia 72 ya maji yake mwaka 1993. Chini ya Ek Sonn Chan, kufikia 2008 hasara ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 6. Walibadilisha mabomba makuukuu, wakampa kila mteja mita, wakakata miunganisho ya wizi bila kujali ni ya mkubwa gani, na lilikuwa shirika la umma lililofanya hayo. Sisemi mwekezaji hana kazi. Nasema mita ilikuwa sehemu moja ya ukarabati wa mtandao mzima, na maji yalifika.

Karibu nasi zaidi kuna Dar es Salaam, ambako mwekezaji alijaribiwa. Agosti 2003 huduma ya maji ya jiji hilo ilikabidhiwa City Water, kampuni iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya Tanzania, kwa mkataba wa miaka 10. Makusanyo ya fedha hayakufikia yaliyotarajiwa, na Mei 2005, kabla hata ya miaka miwili kutimia, serikali iliuvunja. Kesi zikapelekwa kwa wasuluhishi nje ya nchi na hukumu ya mwisho ikatoka 2008. Tanzania haikutozwa fidia, na katika kesi ya London DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji hilo, ilishinda. Lakini katika miaka yote hiyo ya mawakili na mafaili, mkazi wa Mbagala, jijini humo, hakupata ndoo moja zaidi kwa sababu ya kesi. Nchi nzima iliweza kusimama dhidi ya kampuni ya kigeni mbele ya wasuluhishi. Kaunti yetu ya Busia ingesimama kwa nguvu gani?

Ndiyo maana nataka wenye mamlaka watuambie mapema kitakachokuwamo mkatabani. Sheria ya ubia ya 2021 inamruhusu mwekezaji kupeleka pendekezo lake mwenyewe bila kungoja zabuni itangazwe, na jambo linaloanzia ofisini kwa mtu ni rahisi kumalizikia huko huko. Tunayo Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Tunayo pia Sheria ya Maji ya mwaka huo huo, na bei haipaswi kupandishwa bila umma kusikilizwa. Basi mkataba wowote wa mita usomwe kwa Kiswahili na Kiteso, Malaba na Amagoro, siku ya soko watu wakiwapo, kabla ya kalamu kugusa karatasi. Na malipo ya mwekezaji yafungwe kwenye saa za maji zilizoongezeka na hasara iliyopungua. Alipwe maji yakifika. Wala hatuombi maji ya bure. Mtungi wa lita 20 ukinunuliwa shilingi 10 kwa mwenye mkokoteni, uniti moja, ambayo ni mitungi 50, imekugharimu shilingi 500. Watu wanaolipa hivyo hawakatai kulipia maji. Wanalipa tayari, tena zaidi ya wote.

Pendekezo langu ni hili. Zifungwe mita chache za majaribio kwenye mitaa ya Malaba ambako maji hukatika mara kwa mara, na zikae sambamba na mita za zamani kwa miezi 6. Kila mara maji yakirudi, hesabu za mita zote mbili ziandikwe mbele ya wenye nyumba na wapangaji, na matokeo yabandikwe kwa chifu kila mtu ayasome. Mafundi wa hapa tuko tayari kuifanya kazi hiyo, na nimeshazungumza na wenzangu kadhaa waliokubali kuifanya bila malipo.

Fundi wa mabomba,
Amagoro, Busia