Sukari Haipimwi kwa Kikombe

Mgonjwa wa malaria akinywa dawa isiyofaa, homa itamjulisha. Wa kisukari hana mjumbe wa namna hiyo. Anaweza kunywa magome ya kuchemsha miezi na miezi, akajisikia mwepesi, huku macho na figo vikiharibika taratibu. Kwa hiyo suala la mitishamba na magonjwa sugu, iwe kijijini Gare au kwingineko katika milima ya Usambara, haliwezi kuamuliwa kwa ushuhuda wa "mimi ilinisaidia".

Wanaobeza mitishamba nao wanakosea. Metformini, kidonge cha kisukari kinachotumika duniani kote, chimbuko lake ni mmea uitwao galega. Daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo ya dawa hiyo mwaka 1957. Ila galega yenyewe huua kondoo. Wakemia walitengeneza kiini kinachokaribiana na cha mmea huo lakini kilicho salama zaidi, wakakipimia miligramu.

Na watu wa Usambara si wageni wa jambo hilo. Kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa huko na Wajerumani mwaka 1902, kilipanda miti ya kwinini, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga njia za bahari, dawa ikatengenezwa papo hapo. Gome la mti mmoja halilingani nguvu na la mwingine. Bila maabara ungekuwa unabahatisha.

Sasa itazame chupa ya maji ya lita moja na nusu, imejaa dawa ya kahawia, haina lebo. Maelekezo: kikombe asubuhi, kikombe jioni. Kikombe kipi, cha kahawa au cha chai? Ilichemshwa saa moja au kutwa? Na anayejichoma insulini akiongezea dawa hiyo, sukari ikashuka ghafla usiku, itakuwaje?

Simwiti mganga tapeli. Sheria ya tiba asili ya mwaka 2002 inamtambua, na Muhimbili inachunguza dawa za asili tangu 1974. Ninachokataa ni kuishi kwa kikombe peke yake. Loliondo, mwaka 2011, kikombe cha dawa ya mti cha shilingi 500 kilivuta misururu ya magari, na wapo walioacha dawa za hospitali.

Mgonjwa huficha mitishamba kwa kuogopa kukaripiwa. Basi wauguzi waache kukaripia: waulize jina la mti, waliandike kwenye daftari lake, wampime sukari na presha kila anapokuja. Nawe unayetumia, usiache vidonge kabla hujapimwa, na nenda na hiyo chupa zahanati.