Nyumba Haimlishi Aliyelala

Upo wosia unaorithishwa katika vibaraza vya Kariakoo: ukipata fedha nunua nyumba, pangisha, kisha ulale, mpangaji atakulisha. Mimi naupinga wosia huu, tena naupinga kwa sauti kubwa, kwa sababu umewafilisi wengi, na wengine umewazika.

Tuanze na hesabu. Chukua nyumba ya shilingi milioni 300 inayoingiza pango la milioni 2 kwa mwezi. Dalali atakupigia milioni 24 kwa mwaka, na kukuambia fedha yako itarudi kwa miaka 12 na nusu. Hakuambii kwamba vyumba vitakaa wazi, tuseme miezi miwili. Zimebaki milioni 20. Toa kodi ya zuio ya asilimia 10, toa milioni 4 za choo kilichojaa, paa linalovuja, kodi ya jengo na ya ardhi. Umebakiwa na milioni 14, na fedha yako itarudi baada ya miaka 21 na ushei. Na kama nusu ya bei uliikopa kwa riba ya asilimia 15, riba ya mwaka wa kwanza ni zaidi ya milioni 22. Hapo nani anamlisha mwenziwe?

Pili, tazama unachonunua. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Wewe wanunua haki ya kuitumia kwa muda: miaka 33, 66 au 99. Basi uliza imebaki mingapi. Fanya upekuzi wa hati kwa Msajili kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba. Nyumba nyingi za zamani za Kariakoo, zile za vyumba sita na ukumbi katikati, ni za urithi. Anayekuuzia ni mmoja. Wenye haki huenda ni kumi na wawili, na shangazi yumo. Tena Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Haraka ya kununua leo ni miaka ya mahakamani kesho.

Wapo watakaosema kwamba wazee wetu walijenga vyumba na wakasomesha watoto. Ni kweli. Lakini wazee wale waliishi chumba cha mbele. Waliona ufa siku ulipotokea, na walimjua kila mpangaji kwa jina la mama yake. Mwenye nyumba wa leo anaishi mbali, anatuma dalali akusanye pango la miezi sita, na fundi akimwambia nguzo imechoka, yeye anauliza fremu ngapi zitaongezeka.

Hapo ndipo hoja yangu inapoacha fedha. Tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la biashara liliporomoka Kariakoo asubuhi, likiwa na wachuuzi na wateja ndani. Waliokufa walizidi 25. Baada ya hapo serikali iliamuru majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Lakini mnunuzi hapaswi kungoja msiba. Kabla hujalipa, mlete mhandisi aliyesajiliwa, asiye rafiki wa muuzaji, akague msingi na nguzo. Dai michoro na kibali cha ujenzi. Vikikosekana, ondoka, hata kama bei ni ya kutupa.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa wakimwonya mwenye mali. Kwa nyumba ya kupangisha, ufa wako unaweza kuwa kaburi la mtu mwingine, tena mtu aliyekulipa pango lake kwa wakati. Asiyekuwa tayari kuubeba mzigo huo asinunue nyumba. Aweke fedha zake benki, huko akilala hamwangukii mtu.