Kwa wagonjwa wa lupasi, ANA isirudiwe bure

Mwandishi, katika makala yako ANA, kipimo cha damu cha kingamwili, umeipa uzito kupita kiasi. Inasaidia kugundua lupasi. Ikishatoka chanya, kuirudia kila kliniki ni kummalizia mgonjwa hela, maana haifuati kupanda na kushuka kwa ugonjwa. Za kufuatilia ni kingamwili dhidi ya DNA na protini za komplimenti C3 na C4. Kingamwili zikipanda huku komplimenti zikishuka, figo ziangaliwe haraka. Mdogo wangu mwenye lupasi anauza vitenge Kariakoo, na kwake kila kipimo kinakula mtaji.

Ndiyo maana nasikitika hukutaja mkojo! Kupima protini kwenye mkojo ni rahisi, na mara nyingi figo huumia kimyakimya kabla miguu haijavimba.

Halafu kuna ESR na CRP, vipimo vya damu vya uchochezi mwilini. Lupasi ikiamka, mara nyingi ESR hupanda na CRP ikabaki chini. CRP ikiruka sana, tafuteni maambukizi kwanza. Dar hii yenye kifua kikuu na malaria, kumwongezea mtu prednisoloni, dawa inayopunguza kinga, bila kuangalia hilo ni hatari kweli. Wenye lupasi, tunzeni majibu yenu ya zamani, daktari ayalinganishe.