KUSHTAKIWA SI KUTIWA HATIANI



Tangu juzi katika kundi hili wapo wanaotaka kila mwenye kesi ya jinai aondolewe kwenye orodha ya tawi mpaka "asafishwe". Kamati ya tawi imekataa.

Wazee wetu wanakumbuka. Mwishoni mwa 1997, wakati wa uchaguzi mdogo wa Mkunazini, ilianza kamatakamata iliyoishia kwa wanachama 18 wa CUF kushtakiwa kwa uhaini. Kosa hilo adhabu yake ni kifo na dhamana haina. Wengine walikaa ndani karibu miaka mitatu, mpaka Novemba 2000 walipoachiwa. Mwezi huohuo Mahakama ya Rufani ikasema uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar peke yake si dola. (Sababu hiyo wengi wetu hatuipendi, lakini ndiyo iliyoandikwa.) Hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Masheikh wa Uamsho nao walifutiwa mashtaka ya ugaidi Juni 2021 bila ya hukumu. Kwa rai ya ndugu zetu, wote hao tungewafuta.

Mashtaka yakifutwa na Mkurugenzi wa Mashtaka, mtu hutoka, lakini anaweza kushtakiwa tena. Hati za kesi zisitupwe.

Kinachomuharibia mtu ni hukumu. Kwa Ibara ya 67 ya Katiba ya Muungano, aliyetiwa hatiani na kufungwa kwa kosa linaloambatana na utovu wa uaminifu, ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu, hana sifa ya kugombea ubunge. Na hapa ndipo vijana wetu wanapoumia. Kijana huambiwa: kubali tu, utapigwa faini, jioni upo nyumbani. Akikubali mbele ya hakimu ameshatiwa hatiani, na rufaa yake huwa nyembamba sana, aghalabu juu ya ukubwa wa adhabu tu. Siku akitaka hati ya polisi kwa ajili ya kazi, hapa au Oman, ile faini inamsubiri. Asikubali kosa asilolitenda kwa sababu ya kuchoka kukaa mahabusu.

Mwenye kijana aliyeitwa polisi amwambie Katibu wa tawi mapema, kabla ya siku ya kusomewa mashtaka, ili tutafute wakili na wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua ya sheha.

Kamati ya Tawi