Gwaride la Raia

Mji wa Busia una barabara kuu moja na serikali mbili. Upande wa mashariki ni Kenya, upande wa magharibi ni Uganda, na katikati ni lango ambapo vyeti vya wasafiri na mizigo yao hukaguliwa. Mpaka huo si wa kale. Hadi mwaka 1902 nchi yote hiyo, mpaka Bonde la Ufa, ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Mwaka huo Waingereza waliihamishia sehemu ya mashariki katika himaya yao nyingine, na tangu hapo Wasamia na Wateso wamekaa pande mbili za mstari bila ya kuhama nyumba zao. Busia ya Uganda nayo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tororo hadi mwaka 1997.

Mahali kama hapo, penye foleni na amri, hufaa kutafakari juu ya gwaride la namna nyingine: lile ambalo raia hulipanga wenyewe. Ukitoka Tororo kwenda kaskazini, mwendo usio mrefu, utafika Mbale katika nchi ya Wagisu. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kama vile 2022 na 2024, vijana wanaoingia jandoni hutembezwa vijijini kwa ngoma iitwayo kadodi. Ngoma hutundikwa mabegani kwa mikanda, filimbi hulia, na kijana, aliyepakwa unga na kuvikwa shanga, hutangulia kwenda kuwaaga jamaa zake. Kila nyumba inayopitiwa huongeza watu katika msafara. Hakuna sare wala safu iliyonyooka, lakini mguu wa kila mmoja hukanyaga kwa mdundo mmoja. Ndugu zao Wabukusu, walio upande wa Kenya, wanayo desturi hiyo hiyo ya jando.

Hata hivyo, gwaride la raia lililopata kuvuma kuliko yote katika Afrika Mashariki ni ngoma ya Beni. Jina lake ni lile neno la Kiingereza la bendi. Ilianza katika mwambao wa Kenya kwenye miaka ya 1890, watu walipoona bendi za wakoloni na za wamisionari, wakasema kwamba tarumbeta haikuumbwa kwa ajili ya wenye amri peke yao. Mombasa kulikuwa na makundi ya Kingi na Skochi. Tanga na Dar es Salaam zikawa na Marini na Arinoti. Marini, jina litokanalo na wanamaji, lilipendwa hasa na watu wa mwambao na waliosoma. Arinoti ilikusanya zaidi watu wa bara na wenye kazi za chini. Kila kundi lilikuwa na mfalme wake, majenerali wake na madaktari wake, na mtu aliyekuwa karani au mpagazi siku sita aliweza kupigiwa saluti siku ya saba.

Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 viliisambaza Beni mbali. Askari na wapagazi waliicheza kambini na kuichukua walikokwenda. Wapagazi hao waliitwa Kariakoo, na wengi sana walitolewa Nyanza, mkoa ambao enzi hizo ulienea hadi kwenye mpaka wa Busia. Palipokosekana shaba, watu hawakukata tamaa. Kandokando ya Ziwa Nyasa walitengeneza tarumbeta za vibuyu, wakaziwamba utando mwembamba wa buibui ili zitetemeke zinapopulizwa, na ngoma hiyo ikaitwa malipenga. Katika migodi ya shaba ya Zambia ya leo, mtaalamu J. Clyde Mitchell aliandika mwaka 1956 juu ya wachezaji wa kalela, ambao ngoma zao zilikuwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Kundi hilo lilikuwa na daktari na muuguzi wake, na huyo muuguzi alibeba kioo na leso ili wachezaji wajifute jasho na kujiweka nadhifu.

Vijana wa Uingereza na Marekani walipoanzisha muziki wa panki katika miaka ya 1970, nao walishika wazo kama hilo, kwamba mtu asingoje ruhusa wala chombo cha thamani ndipo apige. Mwaka 2004 iliundwa mjini Chicago bendi ya gwaride iitwayo Mucca Pazza, yenye watu wapatao thelathini, kila mmoja na sare isiyolingana na ya mwenzake, na wapiga gitaa waliofunga vipaza sauti juu ya helmeti zao. Wachezaji wa Arinoti wangewatambua mara moja kuwa ni wenzao.

Je, wenye amri waliionaje Beni? Aghalabu waliitilia shaka. Walipoona raia wakipanga safu na kuitana majenerali, walidhani ni jeshi la siri. Mwezi wa Mei 1935 wachimba migodi wa shaba waligoma kwa sababu kodi ya kichwa ilikuwa imepandishwa, na huko Luanshya polisi wakafyatua risasi, wakaua watu sita. Tume ya uchunguzi iliyofuata iliuliza pia habari za chama cha ngoma cha Mbeni. Lakini aliyetaka kujua kisa cha ghadhabu ile angekiona katika karatasi ya kodi kabla ya kukitafuta katika ngoma.

Wengi hawakuiona kazi ya pili ya vyama hivyo. Mtu aliyefika mjini bila ya ndugu alipata ndugu katika Beni. Akiugua alitazamwa, na akifa alizikwa kwa heshima kwa michango ya wenzake. Kwa mgeni, jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko tarumbeta.

Haifai, hata hivyo, kusifu tu. Mashindano ya makundi yalikula mali. Mavazi, vyombo na karamu za kuwashinda wapinzani viliwatia wengine katika madeni, na wazee walilalamika. Mke ambaye mumewe amenunua kofia ya jenerali kwa fedha za unga hawezi kuambiwa kwamba ngoma ni umoja. Wahenga walisema kwamba ngoma ikilia sana hupasuka, na aghalabu hupasukia nyumbani.

Kwa askari anayelinda njia ya Busia au ya Malaba, msafara wenye kelele unaokuja mbele yake ni mtihani. Kelele pekee haimwambii kitu. Aangalie kwanza kama wamo watoto na akina mama, kama yuko kiongozi anayeweza kusemeshwa, na kama msafara unakwenda arusini, jandoni au mazikoni. Akisha kumpata kiongozi, amwombe atenge upande mmoja wa barabara kwa ajili ya magari, na mara nyingi atasikilizwa, kwa kuwa wacheza gwaride wanaelewa amri kuliko wanavyodhaniwa. Na wazazi ambao mtoto wao ameomba kujiunga na bendi ya shule au ya mtaa waulize ada ni kiasi gani, nani anashika hesabu, na mwanachama akiugua atatazamwa na nani. Bendi yenye majibu ya maswali hayo inastahili kupewa mtoto, hata kama sare zake hazilingani. Mcheza kwao hutunzwa.