Kona inaua, lawama anabeba dereva



Kuna jambo linalotuumiza watu wa Rombo. Gari likianguka huku kwetu, taarifa huwa ni ile ile: dereva alishindwa kulimudu gari. Nimeisikia hadi nimeikariri. Mara ya mwisho niliisikia msibani kwa jirani yangu, ambaye mwanawe alikufa akiendesha Noah iliyoanguka. Mama wa kijana huyo alikuwa ameketi pale pale.

Kona iliyomuua kijana yule naipita kila siku ya soko. Ukitoka Tarakea kuelekea Mkuu unashuka mteremko, halafu barabara inajikunja ghafla kufuata kilima, mlima ukiwa kulia na korongo kushoto. Mahali kama hapo lami hutakiwa ilale upande wa mlimani, ili gari lisisukumwe nje ya kona. Pale imelala upande wa korongo. Waulize wanaopakia viazi na mbao, watakuambia mzigo unavyolivuta gari kwenda bondeni hata ukiwa mwendo wa taratibu. Vyuma vya ukingoni viligongwa, vikaondolewa, havikurudi. Ukungu wa Julai ukishuka huoni hata mahali lami inapoishia. Nimeiandikia ofisi inayohusika mara mbili, na sahihi za majirani nikaambatanisha. Sijajibiwa.

Simtetei dereva mlevi wala anayekimbiza gari. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 imwandame. Lakini kijana yule amekufa, mtuhumiwa hayupo tena, jalada limefungwa, na kona ipo vile vile ikimsubiri mwingine.

Wenzetu wa Kenya, ambao sisi wa Tarakea tumepakana nao, walifika mahali pa kulisema jambo hili waziwazi. Julai 2022 basi lilitumbukia mtoni kutoka daraja la Nithi, barabara ya Meru kwenda Nairobi, likaua zaidi ya watu 30. Pale pia kuna mteremko mkali unaoishia kwenye kona. Lawama haikuishia kwa dereva na breki: ilifika kwenye usanifu wa barabara yenyewe, na mamlaka ya barabara kuu ikalazimika kuzungumzia kuisanifu upya.

Kwetu, mjane anayetaka kuuliza mahakamani nani alichora kona ile, na nani aliipokea kazi kwa mkandarasi akasaini kwamba iko sawa, ana safari ndefu. Sheria ya Mashauri ya Serikali inamtaka atoe kwanza notisi ya siku 90, kisha afungue shauri Mahakama Kuu, yaani ashuke hadi Moshi. Tangu marekebisho ya 2020, utaratibu huo unazihusu pia wakala za Serikali na halmashauri. Ndani ya siku hizo 90 kona inaweza kutiwa kiraka na ushahidi ukapotea. Na mhandisi wa kuipima atalipwa na nani? Mjane wa Rombo anauza ndizi.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Askari wa usalama barabarani wanapopima ajali iliyoua, awepo mhandisi asiyetoka kwa mwenye barabara. Aupime mlalo wa lami, ukali wa kona, alama na vyuma kabla ya mtu yeyote kugusa kitu, na vipimo hivyo viingie kwenye jalada, familia ipewe nakala. Tena tunayo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo. Hakimu akae hapa hapa Rombo, asikilize hadharani kilichomuua mtu, na aliyesanifu barabara aitwe aeleze kama dereva angeitwa.

Desemba watu wetu watarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, wengi wakiendesha usiku, na kona hii hawaijui. Naomba vyuma virudishwe kabla hawajafika.

Mkazi wa Tarakea,
Rombo, Kilimanjaro